Gari Linalozima Joto Likipanda: Chanzo Hutafutwa Kabla Halijapoa

Gari linaloamka vizuri asubuhi, likatembea kilomita 60 bila kasoro, kisha likazima saa nane mchana na kugoma kuwaka mpaka lipoe, ni kati ya kesi zinazosumbua zaidi gereji. Usumbufu huo hautokani na uhaba wa sababu zinazojulikana. Hutokana na tabia ya hitilafu yenyewe: kifaa kilichokufa kwa joto hufufuka kikipoa. Gari likifikishwa kwa fundi baada ya kupumzika kivulini kwa nusu saa, kila kitu hupimwa na kuonekana kizima. Hapo ndipo mwenye gari huanza kununua vipuri kwa kubahatisha, leo plagi, wiki ijayo pampu ya mafuta, mwisho wa mwezi betri, na gari huendelea kuzima palepale.

Dawa ya mkanganyiko huo ni kupima gari likiwa bado limezima na bado lina moto. Ili vipimo hivyo viwe na maana, inafaa kwanza kujua joto hufanya nini katika kila mfumo, kwa kuwa kila chanzo huacha dalili zake.

Kuchemsha ni kesi nyingine

Swali la kwanza ni mahali ulipokuwa mshale wa joto wakati injini inazima. Gari lililochemsha na gari lililozima kwa joto ni kesi mbili, ingawa barabarani mara nyingi hupewa jina moja.

Injini nyingi hufanya kazi maji yakiwa kati ya nyuzi joto 80 na 100 za Selsiasi. Themostati za kawaida huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 hivi. Mfuniko wa rejeta nao huuweka mfumo chini ya presha ili maji yasichemke mapema. Mfuniko wa presha ya baa 0.9, ulio wa kawaida kwenye magari mengi ya Kijapani, hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 119 hata kama ndani mna maji matupu. Mpira wa mfuniko huo ukichakaa, kinga hiyo hupotea, na gari lenye rejeta nzima na feni nzima huanza kumwaga maji.

Mshale ukiwa umegota kwenye alama nyekundu, utafutaji uelekezwe kwenye upozaji: bomba linalovuja, feni isiyozunguka, rejeta iliyoziba kwa kutu na chumvi, pampu ya maji iliyolika, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Feni mbovu hujulikana kwa kuwa gari huchemsha kwenye foleni na hutulia likipata mwendo. Rejeta iliyoziba huonyesha kinyume chake: gari hutulia mjini, kisha huchemsha mlimani au kwenye mwendo mkali. Injini iliyozima kwa kuchemsha isipigwe stata mfululizo, maana pistoni zilizotanuka huikwaruza silinda. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka bomba la juu lishikike kwa mkono bila kuunguza na lisiwe gumu kwa presha.

Mambo mawili hupotosha hapa. La kwanza ni kwamba maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kushuka badala ya kupanda, kwa sababu sensa iliyotengenezwa kupima maji imebaki hewani. Kwa hiyo kiasi cha maji hukaguliwa kabla ya kuuamini mshale. La pili ni mazoea ya kung'oa themostati ili gari lisichemshe. Bila themostati, injini hukaa chini ya joto lake kwenye mwendo wa kawaida, kompyuta huendelea kuongeza petroli kana kwamba injini bado inapasha, oili huchafuka haraka, na rejeta iliyoziba hubaki imeziba.

Mshale ukiwa katikati kama siku zote na gari limezima, hapo sasa kuna kesi ya kuchunguza.

Kinachokosekana ni mafuta au cheche

Injini ya petroli huhitaji hewa, mgandamizo, mafuta na cheche, kila kimoja kwa wakati wake. Hewa na mgandamizo ni nadra kupotea ghafla na kurejea baada ya nusu saa. Ni kweli kwamba hewa ya nyuzi 45 ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko hewa ya nyuzi 15, na injini hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, lakini upungufu huo peke yake hauzimi gari. Gari linalozima na kufufuka kwa kawaida limekosa mafuta, au limekosa cheche, au vyote viwili kwa mpigo.

Namna lilivyozima ndiyo fununu ya kwanza, na dereva ndiye shahidi wake. Injini iliyokatika ghafla, bila kusitasita, huelekeza kwenye umeme. Injini iliyoanza kukosa nguvu, ikavuta na kuachia, ikarukaruka kisha ikazima, huelekeza kwenye mafuta. Injini inayozima tu mguu unapotoka kwenye pedali, kwenye taa au kwenye tuta, huelekeza kwenye sailensi, yaani mzunguko wa chini wa injini isiyokanyagwa.

Petroli inapochemka njiani

Petroli ni mchanganyiko. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi, na nzito huendelea hadi kuvuka nyuzi 200. Kwenye magari ya zamani ya kabureta, pampu ya mafuta hufungwa kwenye ubavu wa injini na huvuta petroli kutoka tanki la nyuma. Bomba lote la kuvutia huwa na presha iliyo chini ya ile ya hewa ya nje, na kimiminika kilicho chini ya presha ndogo huchemka mapema. Mapovu ya mvuke yakijaa, pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika hubaki ikiuminya na kuuachia mvuke uleule, na injini hufa kwa kiu huku tanki limejaa.

Madereva wa Land Rover za zamani na wa Peugeot 404 na 504 zilizobeba abiria wa masafa marefu nchini Kenya waliifahamu hali hiyo, na tiba yao ya barabarani, kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, ilikuwa na mantiki kamili. Mazingira yanayoileta ni matatu: joto kali la nje, mwendo mdogo unaonyima injini upepo, na kupanda juu ambako presha ya hewa hupungua. Yote matatu hukutana kwenye mlima wa Kitonga nchini Tanzania, ambako gari hutoka kwenye bonde lenye joto la Ruaha Mbuyuni na kupanda kwa gia ndogo kuelekea uwanda wa Iringa, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Kabureta ina tatizo jingine linalofanana na hilo kwa nje. Injini inapozimwa ikiwa na moto, maji huacha kuzunguka na feni huacha kuvuta hewa, hivyo joto chini ya boneti hupanda kwa dakika kadhaa badala ya kushuka. Petroli iliyomo ndani ya kabureta huchemka na kumwagikia kwenye manifoldi, na dereva aliyesimama dakika kumi kununua ndizi hukuta injini imefurika mafuta. Plagi hutofautisha matatizo hayo mawili. Plagi iliyolowa na kunuka petroli ni ishara ya mafuriko, na pedali ikikanyagwa hadi chini bila kupampiwa, injini huweza kuwaka. Plagi iliyokauka ni ishara kwamba mafuta hayafiki.

Kwenye magari ya nozeli, mvuke wa namna hiyo ni nadra. Pampu iko ndani ya tanki, inasukuma badala ya kuvuta, na huweka mafuta kwenye presha ya karibu baa 3, ambayo hupandisha sana kiwango cha kuchemka. Toyota Probox au Noah inayozima mchana karibu kila mara ina sababu nyingine.

Pampu iliyo ndani ya tanki

Mota ya pampu hiyo hupozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Dereva aliyezoea kutembea huku taa ya mafuta inawaka huinyima pampu upozaji wakati wa joto kali. Ikiongezeka filta iliyoziba, pampu husukuma kwa nguvu zaidi, huvuta umeme mwingi zaidi, na waya zake hupata moto zaidi. Hatimaye mzunguko wake hupungua na presha hushuka. Dalili huanza pale injini inapodai mafuta mengi, yaani mlimani au wakati wa kulipita gari jingine. Sailensi huweza kubaki nzuri mpaka dakika za mwisho.

Kipimo sahihi ni geji ya presha iliyofungwa kwenye njia ya mafuta wakati gari lina moto. Presha iliyo sawa asubuhi na iliyoshuka mchana imetaja chanzo. Kama geji haipo, ngumi au nyundo ya mpira chini ya tanki wakati msaidizi anapiga stata huweza kuiamsha pampu ambayo brashi zake zimekwisha. Pampu ikiamka kwa kugongwa, ibadilishwe, kwani itagoma tena. Kabla ya kuinunua mpya, volti hupimwa kwenye soketi ya pampu yenyewe pampu ikiwa inazunguka. Zikiwa pungufu kwa zaidi ya volti 1 kuliko zile za betri, mhusika ni waya, rilei au kiungio, na pampu mpya nayo itateseka.

Si kila pampu hufa kwa uzee. Mwaka 2020 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 5 duniani yarudi kurekebishwa kwa ajili ya pampu za mafuta zilizotengenezwa na Denso. Kipande cha plastiki kinachozunguka ndani ya pampu hizo kiliweza kupasuka juujuu, kunyonya petroli, kuvimba na kugusa ukuta wa pampu, na injini ikazima gari likiwa kwenye mwendo. Anayenunua gari lililotumika la miaka ya karibu na hiyo hufaidika kwa kuiulizia namba ya chasisi kwa wakala.

Umeme unaokatika kwa moto

Kwenye magari ya nozeli yanayozima ghafla, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki. Sensa za aina ya sumaku zina waya mwembamba sana uliozungushwa maelfu ya mizunguko, na hukaa karibu na injini ambako joto haliepukiki. Waya ukiwa na ufa usioonekana, joto huutanua na ufa hufunguka. Kompyuta ya injini ikikosa ishara ya sensa hiyo haijui pistoni ziko wapi, hivyo hukata cheche na nozeli kwa pamoja. Baada ya dakika 20 hadi 40 waya husinyaa, ufa hufunga, na gari huwaka kana kwamba halikuwahi kuugua.

Dalili yake ya wazi ni mshale wa resi, yaani mizunguko ya injini. Ukianguka hadi sifuri papo hapo wakati gari bado linaserereka kwenye gia na krenki ingali inazungushwa na magurudumu, ishara imepotea. Stata ikipigwa na mshale usitikisike hata kidogo, shaka huongezeka. Dalili hii ni ya magari ambayo geji ya resi husoma kutoka kwenye ishara hiyo, na hayo ni mengi.

Kipimo cha multimita kinahitaji uangalifu, maana ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Sensa yenye omu 2,000 kwenye nyuzi 20 itasoma karibu omu 2,500 kwenye nyuzi 85, na hiyo ni afya. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa baadhi ya injini hutoa viwango viwili: omu 1,630 hadi 2,740 sensa ikiwa baridi, na 2,065 hadi 3,225 ikiwa na moto. Kinachotafutwa ni kusoma kunakoruka hadi mwisho wa kipimo, yaani waya umekatika.

Koili na moduli ya cheche hufuata. Gari lenye koili moja na distributa huzima kabisa koili ikifa. Gari lenye koili juu ya kila plagi kwa kawaida humisi silinda moja, na ni nadra kuzima kwa sababu hiyo tu. Moduli, ile saketi ya transista inayokata na kuunganisha umeme wa koili, huchukia joto zaidi. Kisa kinachojulikana sana ni cha magari ya Ford yaliyouzwa Marekani tangu 1983 hadi katikati ya miaka ya 1990, ambayo moduli yake ilibanwa kwenye distributa juu ya injini yenye moto. Malalamiko ya magari kuzima yalifika mahakamani California, na mwaka 2000 jaji aliagiza magari hayo yaitwe yarekebishwe. Mwaka uliofuata shauri lilimalizwa kwa makubaliano. Fundi anayebadilisha moduli ya aina hiyo hupaka grisi ya kupitisha joto kati ya moduli na chuma. Moduli iliyofungwa kavu hufa mapema.

Rilei nayo ina kisa chake. Kwenye Honda nyingi za mwisho wa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990, rilei kuu ya mafuta ilifungwa chini ya dashibodi, na viungio vyake vya lehemu vilipata nyufa kwa miaka ya kupata moto na kupoa. Gari lililoegeshwa juani vioo vikiwa vimefungwa liligoma kuwaka, na kufungua milango ili upepo upite kulitosha kulirudisha. Kulehemu upya viungio hivyo kulimaliza tatizo bila kununua kitu.

Linalozima kwenye foleni tu

Gari likizima likiwa limesimama na kwenda vizuri likiwa kwenye mwendo, utafutaji hubadilika. Siku ya joto kali, kompresa ya kiyoyozi hubeba mzigo mkubwa, na injini hutakiwa kuongeza hewa ili isizimwe na mzigo huo. Kazi hiyo ni ya vali ya sailensi au ya throto ya umeme. Kaboni ikiganda hapo, hewa ya ziada haipiti. Kipimo ni rahisi: kiyoyozi kikizimwa na gari likaacha kuzima, throto na vali vifunguliwe na kusafishwa.

Kwa gari la gia otomatiki, injini ikizima kila gari linaposimama baada ya safari ndefu, lakini isizime gia ikirudishwa kwenye N kabla ya kusimama, shaka huhamia kwenye klachi ya ndani ya giaboksi iliyogoma kuachia. Oili ya giaboksi hukaguliwa kabla ya kugusa injini.

Wahusika wengine wawili hapa ni sensa ya joto la maji na mfumo wa mvuke wa tanki. Sensa inayodanganya kwamba injini ni baridi huifanya kompyuta imwage petroli nyingi kwenye injini yenye moto, na plagi hulowa. Vali inayopeleka mvuke wa tanki kwenye injini ikibaki wazi, mvuke mwingi wa siku ya joto huvuruga mchanganyiko, hasa tanki likiwa limetoka kujazwa.

Dizeli ina njia zake

Injini ya dizeli haina cheche, hivyo joto huipata kwa upande wa mafuta. Dizeli yenye moto huwa nyepesi, na pampu ya nozeli iliyolika huivujisha ndani kwa ndani badala ya kujenga presha. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zilizozagaa kwenye miradi, mbuga na barabara za vumbi za Afrika Mashariki, huonyesha jambo hilo pampu ikichoka: asubuhi gari huwaka mara moja, mchana likizimwa kidogo hugoma. Kipimo cha miaka mingi ni kumwagia pampu maji polepole kwa dakika chache, pampu pekee, bila kulowesha chuma cha injini kilicho na moto. Gari likiwaka baada ya hapo, pampu inahitaji kufunguliwa na fundi wa pampu. Kabla ya kufikia gharama hiyo, mabomba ya kurudishia mafuta na filta hukaguliwa kama yanaingiza hewa, na umeme unaofika kwenye vali ya kuzimia iliyo juu ya pampu hupimwa. Waya wake ukilegea kwa mtikisiko na joto, injini huzima mara moja.

Nyaya zilizoongezwa baadaye

Magari mengi ya Afrika Mashariki yana vifaa ambavyo mtengenezaji hakuviweka: kengele ya wizi, kifaa cha kufuatilia gari, swichi ya siri, na kwa matatu za Kenya, kidhibiti mwendo. Vingi kati yake hufanya kazi kwa kukata waya wa pampu au wa cheche na kuupitisha kwenye rilei ndogo. Kiungio kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa utepe hupata ukinzani, ukinzani huzaa moto, na utepe hulainika kwa joto la mchana. Kifaa chochote cha nyongeza kinachogusa nyaya hizo hutengwa kwa muda na saketi ya asili kurudishwa, kabla ya kukihukumu kipuri chochote cha kiwandani.

Dakika kumi za kwanza

Usalama hutangulia. Injini ikizima kwenye mwendo, usukani huwa mzito na breki hubakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu tu, hivyo pedali isipampiwe. Gari hupelekwa pembeni kwa mwendo uliobaki, ufunguo usitolewe mpaka lisimame, na pembetatu za tahadhari ziwekwe. Kisha vipimo vifuatavyo hufanywa kwa mpangilio, kabla joto halijaondoka.

Ufunguo huwashwa bila kupiga stata. Taa ya injini isipowaka kwenye dashibodi, kompyuta haina umeme, na kazi ni ya fyuzi, rilei kuu au swichi ya ufunguo. Ikiwaka, sikio husikiliza tanki: kwenye magari mengi pampu hulia kwa sekunde 2 hivi kisha hunyamaza. Kimya kitupu huelekeza kwenye pampu au rilei yake, ingawa baadhi ya magari hungoja stata kwanza.

Stata hupigwa huku mshale wa resi ukitazamwa. Stata inayovuta kwa uzito inadai betri na oltaneta vipimwe: betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, na oltaneta nzima huchaji kwa volti 13.8 hadi 14.4 hivi. Injini inayozunguka wepesi kuliko kawaida imekata mkanda wa taimingi, na hiyo haitafufuka kwa kupoa. Mfuniko wa tanki nao hufunguliwa. Ukivuta hewa kwa mlio mrefu na gari likawaka baada ya hapo, tundu la kupumulia la tanki limeziba. Hitilafu hiyo huiga ile ya joto kwa sababu nayo hungoja muda kabla ya kujitokeza.

Cheche hupimwa kwa kipima cheche au plagi ya akiba iliyoshikizwa kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Presha ya mafuta hupimwa kwa geji. Majibu ya vipimo hivyo viwili, yakisomwa pamoja, hupunguza orodha ya washukiwa. Cheche na mafuta vikikosekana pamoja, hutafutwa sensa ya krenki au umeme wa kompyuta. Cheche ikikosekana mafuta yakiwapo, ni koili au moduli. Mafuta yakikosekana cheche ikiwapo, ni pampu, rilei yake au filta. Vyote vikiwapo, plagi hufunguliwa kuangalia kama zimelowa, na nozeli hupimwa kwa taa ndogo kuona kama zinapata mapigo.

Kifaa cha kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zinazoandikwa na kompyuta ya gari, husaidia kwa mipaka yake. Marekani ililazimisha soketi na lugha moja ya uchunguzi kwenye magari madogo kuanzia 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayakufungwa na sheria hizo, na baadhi yake hayaelewani na vifaa vya bei nafuu. Kodi P0335 inahusu saketi ya sensa ya krenki, lakini hitilafu fupi ya joto huweza kupita bila kuandikwa. La maana zaidi ni namba zinazosomwa wakati stata inapigwa: resi zikibaki sifuri, au joto la maji likionyesha nyuzi 20 kwenye injini inayounguza, chanzo kiko wazi bila kodi yoyote.

Kulirudisha joto gereji

Gari likifika gereji likiwa limepoa, joto huletwa upya kwa makusudi. Injini huachwa ikiunguruma juani boneti likiwa limefungwa na kiyoyozi kimewashwa. Isipozima, mashine ya kukaushia nywele huelekezwa kwenye kipuri kimoja kwa wakati mmoja: sensa, kisha moduli, kisha rilei. Moto wa wazi hautumiki kamwe karibu na mabomba ya mafuta.

Hukumu hukamilika kwa kinyume chake. Gari likishazima, kipuri kilekile hupozwa peke yake kwa kitambaa kibichi au kwa dawa ya kupuliza baridi. Likiwaka wakati vingine vyote bado vina moto, hakuna haja ya kukisia tena. Kipuri kinachozima gari kikipashwa na kuliwasha kikipozwa ndicho kinachonunuliwa.

Kuthibitisha matengenezo

Gari lililowaka na kuzunguka mtaa mara moja jioni halijathibitishwa. Hupelekwa kwenye hali ileile iliyolishinda: saa zilezile za mchana, mlima uleule au foleni ileile, kiyoyozi kikiwa vilevile na mafuta yakiwa kiasi kilekile. Likivuka hali hiyo mara kadhaa, kazi imekwisha. Likizima, namna lilivyozima hulinganishwa na ya awali, kwa sababu magari yenye umri mkubwa huweza kuwa na hitilafu mbili, na ya pili hujitokeza ya kwanza ikishaondolewa.

Kinga baada ya hapo ni ndogo na ya gharama nafuu. Mafuta yasishuke chini ya robo ya tanki wakati wa joto, filta ibadilishwe kwa wakati, mfuniko wa rejeta upimwe kila maji yanapobadilishwa, na kila bati la kukinga joto lililotolewa na fundi kati ya ekzosi na nyaya au mabomba ya mafuta lirudishwe mahali pake na bolti zake zote.